Panga Kurudi Kabla ya Kwenda: Matembezi ya Ziwa, Msitu na Mlima kwa Basi



Daktari anapomwambia mgonjwa wa shinikizo la damu au wa kisukari kwamba afanye mazoezi, wengi hudhani anatakiwa kuvaa bukta na kukimbia barabarani huku majirani wakimcheka. Sivyo. Zoezi ambalo karibu kila mtu analiweza, lisilo na ada wala mwalimu, ni kutembea kwa miguu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za kazi ya wastani ya mwili kila juma, yaani nusu saa kwa siku 5. Mtoto wa umri wa kwenda shule anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

Mama anayekwenda shamba kila asubuhi na kurudi na kuni kichwani amekwisha kutimiza kiwango hicho kabla ya chakula cha mchana. Lakini hali si hiyo kwa mwenye duka anayekaa kutwa nyuma ya meza, fundi cherehani, karani, dereva wa bodaboda, na kijana ambaye siku yake nzima inaishia kwenye simu. Kwa hao, safari ya kutembea ya siku moja, mara moja kwa mwezi au kwa miezi miwili, ni njia nzuri ya kuanza. Safari hiyo haichukui nafasi ya kutembea kila siku, ila inakupa sababu ya kutembea. Mtu anayejua kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi atapanda mlima pamoja na watoto wake, atakwenda sokoni kwa miguu badala ya kupanda bajaji, ili siku hiyo miguu isimwaibishe.

Mwezi huu tunazungumzia wilaya ya Rungwe na jirani zake, kwa sababu huko ziwa, msitu na vichaka vya mlimani vipo karibu na barabara ya magari ya abiria. Mtu wa Mbeya, wa Tukuyu au wa Kyela hahitaji kuwa na gari lake. Lakini basi lina sharti lake: halimngoji mtu. Taabu nyingi za mlimani hazianzi kwa nyoka wala kwa chui. Zinaanza kwa kuchelewa. Aliyechelewa hukimbia kwenye mteremko akateguka mguu, au hukata njia ya mkato akapotea, au hukutwa na usiku na mvua akiwa na shati moja. Kwa hiyo fundisho letu la mwezi huu ni moja: panga kurudi kabla ya kwenda.

MAHALI PANNE, KUANZIA RAHISI HADI GUMU

1. Ziwa Masoko. Wenyeji huliita pia Kisiba. Lipo kusini ya Tukuyu, kwa njia ya Ipinda, na magari madogo ya abiria yanapita huko. Ni ziwa la mviringo lililojaa katika shimo la volkano ya zamani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia jeshi la Wajerumani liliweka kikosi chake hapo. Mahali hapa panafaa kwa wazee, kwa watoto wadogo na kwa anayeanza, maana hakuna mlima mkali wa kupanda ili kuliona ziwa. Huku ni chini na joto ni zaidi kuliko Tukuyu, basi mbu wa malaria wapo. Anayelala huko asikose chandarua.

2. Ziwa Ngosi. Hili ni ziwa la volkano lenye urefu wa karibu kilomita 2.5 na kina cha zaidi ya mita 70, limezungukwa na kuta zenye msitu mzito. Panda kosta au daladala ya Mbeya kwenda Tukuyu, umwambie konda akushushe njia panda ya Ngosi, upande wa Isongole. Kutoka barabara kuu ni kama kilomita 7 hadi chini ya mlima, ukipita mashambani. Baada ya hapo kuna kupanda kwa mwinuko mkali kwa muda wa saa moja hivi ndani ya msitu, hadi ukingoni. Utaona migomba mwitu na miti iliyofunikwa na kuvu na mimea inayoning'inia. Ukifika juu, ziwa liko chini yako kwa zaidi ya mita 200. Wengi huishia hapo ukingoni, na hapo ndipo familia inapofaa kuishia. Njia ya kushuka hadi majini ni mkali mno na huteleza. Mtoto wa miaka 10 mwenye afya anaweza kufika ukingoni, iwapo wazazi hawatamharakisha.

3. Kitulo. Uwanda huu wa juu, kwenye kimo cha karibu mita 2,600, umekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na ni hifadhi ya kwanza ya Taifa nchini Tanzania kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua na mimea yake. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Zipo aina kama 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi. Maua huchanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Magari yanapita Chimala na kupanda hadi Matamba kwa ile barabara ya kona 57, au yanapita Isyonje kuelekea Makete. Magari hayo ni machache. Kwa sababu hiyo Kitulo si safari ya kwenda na kurudi siku moja kwa mtu wa basi. Panga kulala Matamba. Kutembea kwenyewe si kugumu, maana ni nyasi na vilima vya mviringo. Ugumu ni upepo, ukungu, na kukosa mahali pa kujikinga. Mwezi Juni na Julai huko huanguka hata barafu ya alfajiri.

4. Mlima Rungwe. Mlima huu wa volkano una kimo cha mita 2,960. Upo upande wa mashariki ya barabara ya Mbeya na Tukuyu, na njia inayotumika zaidi huanzia upande wa shule ya sekondari ya Rungwe. Chini ni msitu wa mvua, juu yake miti hupungua, na karibu na kilele unakuta vichaka vifupi vyenye majani membamba kama sindano, vilivyochanganyika na nyasi. Tangu mwaka 2009 msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia. Ndani yake anaishi kipunji, nyani wa rangi ya kahawia ambaye sauti yake ni kama ya mbwa anayefoka. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua siku nyingi. Wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 2003, baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji hao, na mwaka 2005 wakamtangaza kwa ulimwengu. Kupanda na kushuka Rungwe huchukua kama saa 10. Si safari ya watoto, wala ya mtu aliyeamka siku hiyo hiyo akaamua. Lala Tukuyu au Kiwira usiku wa kuamkia safari, na uchukue mwenyeji wa kukuongoza.

Ngosi na Rungwe ni misitu ya hifadhi, na Kitulo ni hifadhi ya Taifa. Zote zina taratibu za kuingia na kiingilio. Ulizia ofisi ya misitu au ya hifadhi kabla ya siku ya safari, ili msije mkarudishwa mlangoni na watoto wamekwisha kuchoka.

SAA YA KUGEUKA

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Watu wengi hupanga safari kwa kuuliza, "Tutaondoka saa ngapi?" Swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: "Gari la mwisho la kurudi linapita saa ngapi?" Muulize konda wa gari linalokupeleka, kisha uulize na mwenye kibanda pale unaposhuka. Majibu yakitofautiana, fuata lile la mapema.

Ukishajua saa hiyo, hesabu kurudi nyuma. Mpanda milima mmoja wa Scotland, William Naismith, mwaka 1892 alitoa kanuni nyepesi ambayo bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda juu. Mfano: njia ya kilomita 7 yenye kupanda mita 300. Kilomita 7 ni kama saa moja na dakika 25. Mita 300 ni nusu saa. Jumla ni karibu saa 2. Hayo ni mahesabu ya mtu mzima mwenye nguvu asiyesimama njiani. Mkiwa na watoto, ongeza nusu yake, iwe saa 3. Wakati wa matope, ongeza tena.

Tuchukue Ngosi kwa familia yenye watoto wa shule. Mmeshuka garini saa 3 asubuhi. Mnahitaji saa 3 kufika ukingoni, basi mtafika saa 6 mchana. Mle, mpumzike, mtazame ziwa. Saa 7 mnageuka. Kushuka ni kama saa 2 na nusu, mtakuwa barabarani saa 9 na nusu alasiri. Hapo bado kuna mwanga wa kutosha, magari bado yanapita, na mkichelewa kwa saa moja kwa sababu ya mguu wa mtoto, hamjaingia hatarini. Katika sehemu hizi jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni, na ndani ya msitu giza huingia mapema zaidi.

Saa 7 hiyo ndiyo saa ya kugeuka. Itajeni asubuhi mbele ya wote, tena mtu mmoja apewe kazi ya kuitunza. Ikifika saa 7 nanyi bado hamjaliona ziwa, mnageuka hivyo hivyo. Hapa ndipo penye mtihani. Baba ataona aibu kurudi bila kufika, vijana watalalamika kwamba zimebaki dakika 20 tu. Lakini dakika 20 za kupanda ni dakika 20 nyingine za kushuka, na mara nyingi zinageuka kuwa saa nzima. Ziwa halihami. Lipo hapo kwa mwezi ujao.

BARIDI HUUA HATA NCHI YA JOTO

Wasomaji wa Kyela watashangaa kusikia habari ya kufa kwa baridi. Basi tufanye hesabu. Kwa kawaida kila unapopanda mita 1,000, hewa hupungua joto kwa nyuzi kama 6. Kyela ipo kwenye kimo cha mita 500 hivi. Kilele cha Rungwe ni mita 2,960. Tofauti ni zaidi ya mita 2,400, yaani nyuzi kama 15. Aliyetoka nyumbani kwenye joto la nyuzi 28 atakuta 13 juu, kabla ya kuhesabu mvua na upepo. Na mvua hapa si jambo la bahati: sehemu nyingi za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hasa kuanzia Novemba hadi Mei.

Mwili wa binadamu una joto la nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mtu yupo hatarini. Si lazima kuwe na barafu. Nguo iliyolowa, upepo, njaa na uchovu vikikutana, nyuzi 10 au 12 za hewa zatosha kumwangusha mtu. Watoto na watu wembamba hupoteza joto haraka zaidi.

Dalili ni hizi. Kwanza mtu anatetemeka na vidole vinakufa ganzi. Kisha anajikwaa, anadondosha vitu, maneno yake yanakuwa mazito kama ya mlevi, anakuwa mkali au hajali. Akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, msidhani amepona. Hiyo ni dalili kwamba nguvu za mwili zimekwisha.

Msaada wake:
– Mwondoe kwenye upepo. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mfunike kichwa.
– Mkalishe juu ya nyasi kavu, mfuko au kanga iliyokunjwa, asikae juu ya udongo wa baridi.
– Mtu mwenye joto amkumbatie ndani ya blanketi moja.
– Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe chai ya moto yenye sukari nyingi, na chakula kitamu.
– Asipewe pombe hata kidogo. Pombe humfanya ajisikie moto huku mwili ukipoteza joto.
– Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu.
– Akiwa amechanganyikiwa au ana usingizi, abebwe taratibu na kupelekwa hospitali.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Sweta la sufu au la nailoni hutunza joto hata likilowa. Shati la pamba na suruali ya jinzi vikilowa huwa kama kitambaa cha maji baridi mwilini. Kila mtu awe na sweta, kofia, na kitu cha kuzuia mvua. Asiye na koti la mvua atoboe mfuko mkubwa wa nailoni tundu la kichwa na la mikono. Si nguo ya kupendeza, lakini inafanya kazi.

MAJI YA KUNYWA NA MAJI YA KUOGA

Kijito cha msituni kinaonekana safi, lakini juu yake huenda kuna ng'ombe, wanyama au watu. Homa ya matumbo na kuhara havionekani kwa macho. Beba maji yaliyochemshwa nyumbani, kiasi cha lita moja na nusu hadi 2 kwa kila mtu mzima. Baridi isikudanganye ukasahau kunywa, maana mtu hupoteza maji kwa jasho na kwa pumzi hata asipohisi kiu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa kunywa.

Kuhusu kuoga ziwani, kanuni ni moja kwa maji yaliyotuama: tazama, usiingie. Kichocho huletwa na vijidudu vinavyotoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi bila mtu kusikia maumivu. Mwambao wa Ziwa Nyasa unajulikana kwa ugonjwa huu. Aliyewahi kuogelea katika maji ya namna hiyo, akaona damu kwenye mkojo au kinyesi, aende kupimwa. Dawa ipo, nayo inaponya. Zaidi ya hayo, maziwa ya volkano hayana ufuko wa kuteremka polepole. Hatua chache tu, kina kinazidi kimo cha mtu.

MABONDE YENYE HEWA NZITO

Jambo hili si watu wengi wanaolijua. Nchi ya Rungwe ni nchi ya volkano, na zipo sehemu ambako hewa ya ukaa hutoka ardhini yenyewe. Upande wa mlima Kyejo hewa hiyo hukusanywa kiwandani na kuuzwa kwa watengenezaji wa soda. Katika chupa haina madhara. Lakini hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo hujikusanya katika mashimo na mabonde madogo, hasa asubuhi na siku isiyo na upepo. Haina rangi wala harufu. Anayeingia ndani hupungukiwa na pumzi na kuanguka.

Wenyeji wanayajua mahali hayo kwa kuona ndege na panya waliokufa. Ukiona hivyo katika shimo, usishuke, usimwache mtoto wala mbwa ashuke. Mtoto yupo hatarini zaidi kwa kuwa pua yake ipo karibu na ardhi. Mtu akianguka ndani ya shimo la namna hiyo, usimfuate mbio, maana mtakuwa wawili. Ita watu, avutwe kwa kamba au mti mrefu, na afikishwe penye upepo. Ndiyo sababu nyingine ya kutembea na mwenyeji.

SIAFU, NYOKA NA RADI

Msituni ingiza suruali ndani ya soksi kwa sababu ya siafu na majani yanayowasha. Kina mama wanaovaa sketi wavae suruali ndani yake.

Nyoka kwa kawaida humkimbia mtu anayekuja kwa kishindo. Tembea na fimbo, tazama unapokanyaga, usiingize mkono chini ya gogo. Aliyeumwa atulie, atolewe pete na bangili, mguu au mkono ufungwe kwenye kijiti usichezecheze, na apelekwe hospitali mara moja. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Wanaoliamini jiwe jeusi wasipoteze hata dakika moja kulitafuta.

Radi ni hatari ya Kitulo na ya kilele cha Rungwe wakati wa mvua, hasa mchana kuelekea jioni. Mkisikia ngurumo, shukeni kutoka kwenye kilele na mgongo wa mlima. Msijikinge chini ya mti ulio peke yake. Mkikosa mahali pa kwenda, tawanyikeni, mchuchumae miguu ikiwa pamoja.

NANI AANZE KWA DAKTARI?

Je, mwenye shinikizo la damu anaweza kwenda? Ndiyo, kama limetulia kwa dawa. Ameze dawa zake siku hiyo kama siku nyingine, na apande polepole kiasi cha kuweza kuzungumza bila kukatika pumzi. Lakini anayepata maumivu ya kifua akipanda ngazi, au anayevimba miguu, asiende kabla ya kupimwa.

Na mwenye kisukari? Kutembea kunamfaa sana. Ila kutembea saa nyingi hushusha sukari, hasa kwa anayetumia insulini au vidonge. Asikose mlo, na awe na soda ya sukari au glukosi mfukoni, siyo ndani ya mzigo wa mtu mwingine. Akianza kutoka jasho la baridi, kutetemeka na kuchanganyikiwa, apewe mara moja. Avae soksi na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, na jioni atazame nyayo zake kama kuna lengelenge.

Mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta, maana hewa ya baridi huweza kuamsha pumu.

Mwenye selimundu ndiye wa kuangaliwa zaidi. Baridi, kukosa maji, uchovu na kimo kikubwa, vyote hivyo huweza kumletea maumivu makali. Mzazi asimpeleke Rungwe wala Kitulo kabla ya kushauriana na kliniki yake. Masoko, kwa mwendo wa taratibu na maji ya kutosha, panamfaa zaidi, nako pia baada ya ushauri.

Mama mjamzito aepuke njia ya utelezi ya Ngosi. Atembee sehemu tambarare.

Na kimo je? Ugonjwa wa kimo huanza kujitokeza kwa baadhi ya watu juu ya mita 2,500. Mkazi wa Mbeya, mji ulio kwenye mita 1,700 hivi, ana nafuu kidogo. Aliyetoka Dar es Salaam jana anaweza kupata maumivu ya kichwa na kichefuchefu Kitulo. Apumzike, anywe maji, na hali ikizidi ashuke. Kushuka ndiyo dawa.

MZIGO WA SAFARI

Mfuko mmoja wa mgongoni kwa watu wawili unatosha:
– maji yaliyochemshwa, na chupa ya chai ya moto;
– chakula kisichohitaji kupikwa: ndizi, viazi vya kuchemsha, mayai, karanga, mkate;
– sweta, kofia na koti la mvua kwa kila mtu, na soksi kavu;
– kanga au blanketi jepesi;
– tochi, hata kama mnarudi mchana;
– simu iliyojaa chaji, iliyozimwa ili kuitunza, maana msituni mtandao hukatika;
– bendeji, sabuni, na dawa za kila mwenye ugonjwa;
– nauli ya kurudi, iwekwe mbali na pesa nyingine, isiguswe;
– mfuko wa kubebea takataka zenu.

Viatu vya mpira vyenye meno chini, vile vya shambani, vyafaa Ngosi kuliko viatu vya kanisani. Na tafadhali, msichimbe okidi za Kitulo. Mizizi yake imekuwa ikichimbwa na kuvushwa hadi Zambia kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda, na maua yamepungua kwa sababu hiyo.

KABLA YA KUFUNGA MLANGO

Mtu mmoja anayebaki nyumbani au jirani aandikiwe mambo manne kwenye karatasi: mmekwenda wapi, mpo wangapi, mtageuka saa ngapi, na mtakuwa mmefika nyumbani saa ngapi. Aambiwe pia: ikipita saa 2 tangu muda huo bila habari, ampigie mwenyekiti wa kijiji mlikoanzia au polisi. Chukueni namba ya mwenyekiti huyo asubuhi mnapopita. Akiumia mtu, hospitali ya Makandana ipo Tukuyu, na hospitali ya Igogwe ipo katika wilaya hiyo hiyo.

Mkirudi salama, mwambieni huyo mtu wenu mara moja, ili asiwasumbue wanakijiji bure. Kesho yake miguu itauma kidogo mapajani na kwenye ndama. Maumivu hayo ni ya kawaida na huisha kwa siku 2 au 3. Msilale kitandani kwa ajili yake. Tembeeni kidogo, hata ni hadi sokoni na kurudi, na yatapungua mapema zaidi.